Maharage Yalikuwa na Maua

Mwazye,
Jumapili, 3 Machi 2024

Dada Cornelia,

Shikamoo. Huku tu wazima, ukiacha mgongo wa Edith, ambao unamsumbua kila mwaka tukianza kuinua matuta ya intumba. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mtandao wa huku unaujua, neno la tatu halifiki, na jambo lenyewe linataka karatasi. Barua anakuletea Yusto dereva. Jibu mpe yeye, Jumanne na Ijumaa yuko stendi.

Jambo ni shamba la baba la kule bondeni. Unamkumbuka Mzee Limbu, yule Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake tukiwa wadogo, baba akampa mahali pa kulima. Alipewa ng'ambo ya kijito. Mzee alipozeeka, mwanawe Amos akajenga huku upande wetu, kati ya kijito na ule mti wa msuku, nami sikusema kitu. Mzee akafa, wakamzika hapo hapo, nikaongoza sala mwenyewe. Sasa Timoth wangu ameoa na anataka mahali pa kujenga. Nimemwambia Amos arudi ng'ambo, anasema hapo ni pao, ekari zote nane, baba aliwapa mpaka kwenye msuku!

Tumefika Baraza la Kata, wanatusuluhisha. Likishindwa twende Baraza la wilaya. Mashahidi wa zamani wamekufa wote, tumebaki mimi na wewe. Wewe ni mwalimu wa chuo, tena mwalimu wa saikolojia, unajua jinsi vichwa vya watu vinavyotunza mambo. Andika ulichoona siku baba alipoweka jiwe la mpaka. Sikufundishi cha kusema. Andika tu kile ulichokiona, siku ile maharage yalikuwa na maua na baba amevaa gambuti moja.

Nikutakie Kwaresima njema.

Mdogo wako,
Leonardi

*

Malangali, Sumbawanga,
Jumatatu, 11 Machi 2024

Mdogo wangu Leonardi,

Marahaba. Mpe pole Edith. Huku mvua haijatuacha, na ninasahihisha mitihani ya majaribio ya wanachuo mia moja na sitini, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Maelezo yangu nimeyaandika kwenye karatasi ya pili na kuyasaini, uyapeleke kwenye Baraza kama yalivyo. Nayarudia hapa ujue kilichomo. Ilikuwa mwaka 1996. Baba alikuwa na kidonda mguuni, akavaa gambuti mguu mmoja tu, mwingine peku. Tulishuka naye mpaka kijitoni, mimi, wewe na Mzee Limbu. Pande zote kulikuwa na intumba mpya zenye maharage, na maharage yametoa maua meupe. Mlisukuma jiwe kubwa hadi ukingoni mwa maji. Likakuponda kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Ulilia. Mimi nilikufunga kwa kitambaa. Baba akasema mpaka ni hapo.

Kumbukumbu hii ni kati ya zilizo wazi kabisa nilizonazo za baba. Nasikia hata harufu ya udongo uliopinduliwa. Sijawahi kuwa na shaka nayo, na wanaonifahamu wanajua kuwa kushuku ndiyo kazi yangu.

Dada yako,
Cornelia Fabiani

*

Mwazye,
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Dada Cornelia,

Shikamoo. Ungekuwepo ukasikia mwenyewe! Karani alisoma karatasi yako kwa sauti, na alipofika kwenye gambuti moja watu wakavuta viti mbele. Mwenyekiti akasema ushahidi wa namna hiyo hautungwi. Yule mama mmoja wa wajumbe alifuta macho. Nilijivuna, nakiri, na wiki yenyewe hii si ya kujivuna.

Amos alisimama. Kisha akasema hivi, namnukuu: "Kama da' Cornelia ndiye amesema, mimi sina neno. Da' Cornelia alikuwa hasemi uongo tangu zamani." Amekubali kusaini suluhu tarehe 18 Aprili. Wakishavuna watavunja nyumba na kurudi ng'ambo. Kaburi la mzee nimesema halitaguswa.

Aliyeleta maneno ni mama yake tu. Amezeeka, haoni vizuri. Alisimama na fimbo yake akasema, "Cornelia hakuwepo. Katoka wapi Cornelia siku hiyo?" Watu wakacheka, maana muda mfupi kabla alikuwa amemwita karani kwa jina la marehemu mumewe. Mwenyekiti akamwambia, "Asante mama, kaa upumzike." Nilimhurumia, lakini uzee ndio huo.

Timoth ameanza kufyatua tofali. Anasema chumba cha mbele kitakuwa cha shangazi yake akija likizo.

Mdogo wako,
Leonardi

*

Malangali, Sumbawanga,
Jumanne, 2 Aprili 2024

Mdogo wangu Leonardi,

Natumaini mmemaliza Pasaka salama, na sauti yako imebaki nzima baada ya mikesha yote.

Kwanza nikueleze jambo la darasani. Wiki iliyopita niliwasomea wanachuo orodha ya maneno: jembe, mbegu, palizi, mvua, mbolea, masuke, mavuno, ghala. Nikawaambia wafunge daftari, wasubiri dakika tano, kisha waandike waliyoyasikia. Darasa lina watu arobaini. Ishirini na sita waliandika neno "shamba". Sikulisoma. Nililiacha makusudi, maana ndilo neno ambalo yale mengine yote yanaliita. Msichana mmoja, Faith, alibisha. Alisema amenisikia kwa sauti yangu nikilitamka, kati ya palizi na mvua, na kwamba nilikohoa kidogo kabla yake. Hakuwa anadanganya. Kichwa hakitunzi jambo lilivyokuwa. Kila tunapokumbuka tunalijenga upya kwa vipande tulivyo navyo, na kipande kinachokosekana tunakitoa kwingine bila kujua.

Hili ninalifundisha kila mwaka. Safari hii, nikiwa namwangalia Faith anavyobisha, nikakumbuka maneno ya mama Amos.

Sasa hesabu na mimi. Wewe ni mkulima, huna haja ya kitabu. Intumba zinainuliwa masika, Februari na Machi. Maharage ya juu yake yanatoa maua Aprili. Juni tunang'oa. Novemba tunasambaratisha intumba na kupanda ulezi. Kwa hiyo intumba mpya zenye maua ni Aprili, haiwezekani kuwa mwezi mwingine. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu, bweni, mbali. Nilikuja nyumbani Juni na Desemba tu, miaka yote minne. Likizo fupi ya Pasaka sikupata kuja hata mara moja, nauli haikuwepo.

Nimehesabu mara nyingi, nikitafuta mwaka mwingine, nikitafuta ruhusa ya ugonjwa au msiba. Hakuna. Sikuwahi kuyaona yale maua, Leonardi. Lakini nayaona mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Nimeona aibu, nikuambie ukweli. Tafadhali mwambie Amos asisaini kwanza.

Dada yako,
Cornelia

*

Mwazye,
Jumapili, 7 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na imenikasirisha, sitaificha hasira yangu.

Hayo mambo ya orodha na kukohoa ni ya darasani. Mimi siongelei neno. Naongelea jiwe. Kidole changu cha kati mpaka leo ukucha wake unaota umepasuka, nikiinua kitabu cha Injili waumini wote wanauona. Kilipondwa na jiwe lile, kijitoni, maji yanapita pembeni, na wewe ulinifunga. Nilikuwa na miaka kumi na nne, si mtoto wa kubebwa. Baba alinikalisha juu ya lile jiwe akaniambia, wewe ndiye utakayekumbuka. Hakumwambia mwingine. Miaka ishirini na nane nimekumbuka. Kama hicho nacho si kweli, basi niambie kipi kwangu ni cha kweli.

Na kama hukuwepo, mbona ulisema yale yale niliyosema mimi? Gambuti, maua, kidole? Watu wawili hawaoti ndoto moja.

Tarehe 18 iko palepale. Timoth ana tofali elfu mbili. Usinigeuke mbele ya watu, dada. Mimi ni katekista wa kigango hiki, neno langu likionekana la uongo mara moja, Jumapili nitasimama vipi kusoma Injili?

Leonardi

*

Malangali, Sumbawanga,
Alhamisi, 11 Aprili 2024

Mdogo wangu Leonardi,

Uliuliza watu wawili wanawezaje kusema yale yale. Swali ni zuri na nililishughulikia kama ambavyo ningelishughulikia la mwanachuo. Nilijiuliza nimeyatoa wapi.

Tranka langu la shule bado ninalo, liko chini ya kitanda cha wageni. Mle mna barua zako zote za miaka ile, maana wewe ulikuwa unaniandikia kila mwezi na mimi nilikuwa situpi. Iliyomo ndani ya bahasha hii ni ya Aprili 1996. Nimeisoma nimekaa sakafuni. Sikuwa nimeigusa tangu nilipomaliza kidato cha nne.

Sasa najua nilichofanya. Gambuti na maua nilivitoa katika barua hii, niliisoma bwenini mara nyingi mno kwa sababu nilikuwa na hamu ya nyumbani. Mahali, yaani kijitoni, nilipatoa kwako wewe. Kwenye msiba wa baba, mwaka 1999, baba mkubwa alisema kwa sauti kwamba shamba la ukoo linaishia kwenye maji, na baada ya hapo kila tukikutana ulisimulia habari ya jiwe ukiliweka kwenye maji. Kidole ulikuwa unakionyesha. Sijui ni lini nilijiweka mimi mwenyewe ndani yake. Labda nilitamani kuwa nimekuwepo. Baba alibakiza miaka mitatu tu, na mimi ile mitatu nilikuwa bweni, hadi kidato cha sita.

Sisemi wewe ni mwongo. Mwongo anajua ukweli ulipo na anaupita. Wewe na mimi tulikuwa tunautembelea mara kwa mara, na kila tulipoondoka tuliuacha umesogea kidogo.

Mwenyekiti wa Baraza nimemwandikia leo kwamba nafuta maelezo yangu, kwa sababu sikuwepo. Hilo lilikuwa langu. Barua hii ni yako, mkono ni wako na maneno ni yako, kwa hiyo nakurudishia. Sikuipiga picha wala kuitolea nakala. Mwenyekiti sikumwambia kama ipo. Utakachoifanyia ni uamuzi wako.

Dada yako,
Cornelia

*

Mwazye,
Jumapili, 21/4/1996

Kwa dada yangu mpendwa Cornelia,

Shikamoo dada. Mimi ni mzima, sijui wewe huko na ugali wa bweni. Dhumuni la barua hii ni kukupa habari za nyumbani na kukuomba kalamu mbili za bluu na moja nyekundu.

Habari kubwa ni kwamba baba ameanza kutembea. Kidonda bado kipo kwa hiyo anavaa gambuti moja tu, mguu mwingine hauingii. Watu wanamcheka na yeye anacheka. Sisi mwaka huu tungekufa njaa lakini Mzee Limbu alileta ng'ombe wake wakatulimia mahindi yote, siku nne, hakutaka kitu. Jana baba akasema naye atampa kitu. Amempa bonde lote kuanzia kwenye mti wa msuku mpaka kijitoni na ng'ambo. Tulikwenda mimi, baba, Mzee Limbu na mama Amos. Intumba zetu mwaka huu ni nzuri sana dada, maharage yana maua meupe kote ungependa.

Tumesukuma jiwe kubwa mpaka chini ya msuku ndio mpaka. Mimi limenipiga kidole cha kati, damu ilitoka nyingi na nililia lakini usimwambie mtu. Mama Amos alichana kanga yake akanifunga. Ilikuwa kanga mpya. Baba akanikalisha juu ya jiwe akasema Leonardi wewe ndiye utakayekumbuka, sisi tutakufa. Nikasema ndiyo baba. Mimi nitakumbuka maisha yangu yote.

Usisahau kalamu.

Mdogo wako,
Leonardi Fabiani
Darasa la VII

*

Malangali, Sumbawanga,
Jumanne, 16 Aprili 2024

Leonardi,

Yusto amesema bahasha alikupa mkononi Ijumaa, na kwamba ulisoma ukiwa umesimama, kisha ukaondoka. Nimepiga simu Jumamosi na Jumapili, haipatikani. Sina nyongeza katika habari ya shamba. Nataka tu kujua kama u mzima.

Nimeogopa kidogo. Nilijifanya sijali kama utaichoma au hutaichoma. Najali.

Cornelia

*

Mwazye,
Jumamosi, 20 Aprili 2024

Dada Cornelia,

Shikamoo. Ni mzima. Simu niliizima mwenyewe.

Nitakusimulia kwa utaratibu. Barua ile nilikaa nayo siku sita. Siku ya kwanza niliiweka juu ya figa la jikoni, karibu kabisa na moto, nikamwacha Edith apike ugali. Nilisema moyoni ikishika yenyewe, basi. Edith aliisogeza akidhani ni karatasi ya kigango, akaifuta jivu na kuniletea. Hapo niliona haya mbele ya mke wangu, na hakujua kwa nini.

Jumatatu nilikwenda kwenye msuku. Mti walishaukata, limebaki gogo linalochipua pembeni. Jiwe lipo. Limezama, limezungukwa na majani, na binti wa Amos, Herieth, anaanika vyombo juu yake. Nimepita hapo maelfu ya mara kwenda kigangoni. Nilikaa juu yake nikasubiri nikumbuke. Nilikaa mpaka jua likanichoma kichwa, sikukumbuka kitu. Nilishuka kijitoni. Jiwe la kule nalo lipo, lile la kufulia, na nilipoliona tu kidole kikaniuma.

Alhamisi tulifika wote barazani. Karani alianza na barua yako ya kufuta, watu wakaguna, Amos akanitazama. Ningeweza kunyamaza, dada. Bila wewe bado mimi nilikuwa shahidi na mama yule hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Nikasimama nikasema nina shahidi mwingine, ana miaka kumi na nne. Nikaisoma barua yote, hata zile kalamu. Kwenye kalamu walicheka. Kwenye kanga nikampa karani amalizie.

Mama Amos alikuja na fimbo yake mpaka nilipo. Akaushika mkono wangu, akaupapasa mpaka akaupata ukucha. Akasema, "Haikuwa kanga, mwanangu. Ilikuwa kilemba changu cha njano. Hayo ya kanga umeyatoa wapi?" Sikubishana naye. Mtoto aliandika kesho yake tu, lakini na yeye labda alikosea, mimi sijui tena. Nilimwomba msamaha, akaniambia nisilie, nililia sana siku ile inatosha.

Timoth amenuna. Hajanisemesha tangu Alhamisi. Tofali zake atazihamishia nyuma ya nyumba yetu, chumba cha shangazi kitakuwa kidogo kuliko alivyoahidi.

Barua nimemwachia mama yule. Hajui kusoma, ila ameifunga kwenye pindo la kanga na kusema nikitaka kuiona niende kwake. Ni afadhali ikae huko.

Kabla ya kusaini, mwenyekiti aliniuliza ili karani aandike vizuri: "Katekista, kwa hiyo sasa umekumbuka?" Ukumbi wote ulikuwa unasubiri niseme ndiyo, na ningesema wangefurahi. Nikamwambia hapana, sijakumbuka. Nikifumba macho jiwe liko kijitoni, maji yanapita, na dada yangu ananifunga kidole.

Nikawaambia waandike mpaka ni kwenye msuku.

Mdogo wako,
Leonardi